Unahamia Dodoma kikazi? Anza na maji ndio ufikirie mengine

Kama umepata kazi Dodoma na unatokea nje, iwe Nairobi, Kampala, Bujumbura, Goma au hata Dar (maana mtu wa Dar naye huku ni mgeni tu), soma hii kabla hujampa dalali hata shilingi. Mi naishi huku, na wageni wanaokuja kazini kwetu mara nyingi nawapokea mimi, nawazungusha kutafuta nyumba, nawapeleka serikali ya mtaa, nawasikiliza wakilalamika, na majanga yao yanafanana sana. Mtu anakuja na hesabu za mji alikotoka alafu anazipiga hapa hapa bila kubadilisha chochote. Dodoma ni kukavu, kumetawanyika, na bado kunajengwa. Uamuzi wa kuleta makao makuu huku ni wa mwaka 1973 lakini serikali imehamia kwa kasi kuanzia 2016, hadhi ya jiji ikaja 2018, kwa hiyo kuna mitaa nyumba zimeota fasta kuliko mabomba na barabara. Hilo ndilo litakalokusumbua kila siku, sio mambo makubwa.

Tuanze na nyumba. Dalali atakuonyesha taizi, jipsamu, madirisha ya alumini, geti jeusi kubwa, we mwache aongee alafu nenda kafungue bomba. Bomba la jikoni, la chooni na lile la nje, yote. Alafu toka, katafute jirani (jirani, sio mwenye nyumba) muulize maji yanatoka siku zipi na saa ngapi, maana mitaa mingi ni ya mgao na kila mtaa una ratiba yake. Mvua ya huku kwa wastani ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili, miezi mingine ni jua tu, na jiji kwa sehemu kubwa linategemea visima vya bonde la Makutupora kule Mzakwe huku watu wanazidi kuongezeka. Kwa hiyo swali la maji usione aibu kuliuliza mara tatu.

Angalia simtanki. Kama uko peke yako lita 1,000 zako mwenyewe zinatosha kuvuka siku za mgao ukiwa makini, ukiwa na familia tafuta kubwa zaidi. Neno "zako mwenyewe" ndio la kuzingatia. Ukiambiwa tanki ni la wapangaji wote uliza nani anawasha pampu, umeme wa pampu unalipwa kwa LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya nani, na likiisha usiku nani anaita boza (gari la kuuza maji), kwa sababu ugomvi mwingi wa wapangaji ninaoujua umeanzia kwenye hiyo pampu na sio kwingine. Namba ya mtu wa boza iombe kwa jirani siku ile ile unahamia, usisubiri uwe na sabuni kichwani.

Kingine ni chumvi. Visima vya majumbani sehemu nyingi huku vina maji ya chumvi na ukiyatazama kwa macho ni safi kabisa. Njia rahisi ya kupima: beba kipande cha sabuni, nawa mikono, kama povu linagoma ujue. Au mwombe jirani aone birika lake la umeme kwa ndani, kama limejenga ukoko mweupe ndio maji utakayokuwa unachemsha. Na tafadhali, kuchemsha hakutoi chumvi, maji yanapungua chumvi inabaki, kwa hiyo inakolea zaidi. Maji ya kunywa na chai nunua yale madumu makubwa, ya kisima tumia kuogea, kudeki na kufulia, na hita ya kuogea uisafishe mara kwa mara la sivyo inakufa mapema.

Pesa ya nyumba: wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mpigo na dalali anachukua ya mwezi mmoja juu yake. Anayetoka mji ambao watu wanalipa mwezi mwezi anashtuka hapa, anakuta akiba yote imeisha siku ya kwanza na mshahara bado. Jipange na hiyo mapema, au omba miezi mitatu, wapo wanaokubali ukiongea nao vizuri ana kwa ana. Usilipe siku ya kwanza kuiona nyumba. Rudi jioni, rudi siku yenye upepo uone vumbi linaingia wapi, pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama nyumba ni ya huyo anayejiita mwenye nyumba, alafu ndio ulipe, kwa jina lake, na mkataba mkononi. Na usije kutafuta mahali pa kufikia wakati wa Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, lodge zinajaa na bei zinapanda, ukilazimika kuja kipindi hicho weka nafasi kabla hujapanda basi.

Sasa umbali. Watu wanasikia "Dodoma mjini" wanadhani kila kitu ni kutembea. Wizara nyingi ziko Mji wa Serikali Mtumba, zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji upande wa barabara ya Dar. Ukipanga Nkuhungu kwa sababu chumba ni bei poa alafu ofisi yako ni Mtumba, kila asubuhi unalikata jiji zima, na ile nafuu ya kodi inaliwa na nauli na bajaji. Kama kazi ni Mtumba angalia Ihumwa, Nzuguni, Ilazo, Kisasa. Kama ni mjini kati, Area C, Area D, Makole, Chang'ombe. Kama ni UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, uliza kwanza ni chuo kipi ndani ya UDOM, kile chuo kimetapakaa kwenye vilima na kumwambia boda "nipeleke UDOM" ni kumwambia akupeleke popote.

Majina nayo yanapoteza watu vibaya. Makole na Dodoma Makulu ni sehemu mbili tofauti. Chamwino ipo mtaa hapa hapa jijini, na ipo Chamwino ya Ikulu ambayo ni wilaya nyingine kabisa, mbali kwa barabara ya Dar, kwa hiyo ukiitwa kikao Chamwino uliza ni ipi kabla hujatoka nyumbani. Na ndugu zangu wa Kenya, Kikuyu ya huku ni jina la kata tu. Mwombe kila mtu akupe na alama ya karibu, msikiti, shule, sheli (kituo cha mafuta), kituo cha daladala, hiyo inasaidia kuliko ramani ya simu maana njia nyingi za ndani ni mpya na ramani bado haijazijua.

Hili naliongea kwa uzito: makorongo. Miezi mingi korongo ni mchanga mkavu, watoto wanacheza, bodaboda wanapita, mtu anapaki gari. Ikinyesha mvua kubwa, tena wakati mwingine imenyesha huko juu na wewe ulipo kumekauka, maji yanakuja ghafla na kwa nguvu. Usipaki korongoni, usivuke maji yakiwa yanapita hata kama unaona wenyeji wanajaribu, na nyumba iliyo ukingoni mwa korongo iache hata kama kodi ni nusu bei. Mgeni anayeiona mwezi wa nane haelewi kwa nini ni rahisi. Desemba ndio anaelewa.

Mwili wako utahitaji muda pia. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni kavu, kwa hiyo midomo inapasuka, ngozi inakuwa nyeupe, wengine pua zinatoa damu siku za mwanzo. Mafuta ya mgando na maji ya kunywa ya kutosha, basi. Mtu wa pwani anakuja na mashati mepesi matupu kwa sababu alisikia Dodoma ni jua, Juni na Julai asubuhi anatetemeka kituoni. Beba sweta na blanketi. Funga madirisha kabla ya kutoka, nguo anua mapema kabla upepo wa mchana haujazipaka vumbi, na viatu viwe na soli nene kwa sababu ya mbigili, zinatoboa kandambili na tairi za baiskeli bila shida.

Anayetoka Burundi, Rwanda au Kongo: huku magari yanapita kushoto, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kulia kwanza. Nimeshamvuta mtu mkono mara kadhaa pale karibu na Nyerere Square, na boda ndio hatari zaidi maana hazina breki ya huruma.

Karatasi. Kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ni vitu viwili tofauti, cha kwanza kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, cha pili Uhamiaji, na mtu akipata kimoja anadhani amemaliza. Hata wa Afrika Mashariki anavihitaji, kuingia kwa pasi ya matembezi na kuanza kazi Jumatatu ni kujitafutia kesi. Laini ya simu unasajili kwa pasipoti na alama za vidole. Wakenya mkumbuke M-Pesa ya huku ni ya Vodacom, akaunti yako ya Safaricom haihamii yenyewe kwa sababu tu jina ni moja, sajili laini ya huku mapema ndio uweze kulipa dukani kwa simu kupitia Lipa Namba na kununua LUKU. Alafu shilingi moja ya Kenya ni kama 20 za kwetu hivi, kwa hiyo ukitajiwa elfu kumi usiruke, piga hesabu kwanza.

Ukishahamia, ndani ya wiki nenda kwa mjumbe wa mtaa au ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Hawakuchunguzi, ndio utaratibu, na siku utakapohitaji barua ya utambulisho ya benki au ya jambo lolote watakuandikia mtu wanayemjua. Kila mgeni aliyepuuza hili amerudi kuniomba nimsindikize, na mtendaji wa mtaa anauliza swali moja tu: ulikuwa wapi miezi yote hii?

Kazini. Hapa ndipo mgeni mzuri, mwenye akili, anaonekana ana kiburi wakati hana. Salamu kwanza, kila siku, kwa kila mtu, kuanzia mlinzi na dada wa usafi mpaka bosi, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo yake. Ukimtumia bosi meseji inayoanza na "ile ripoti iko wapi" utajibiwa kwa kuchelewa au hutajibiwa kabisa, anza na salamu, mpe nafasi, alafu "naomba" na "samahani" zitumie bila kubana. Anayetoka sehemu ambayo kuongea moja kwa moja ndio heshima apunguze mwendo kidogo kikaoni. Mtu akikwambia "tutaliangalia" usiandike kwamba amekubali, mfuate pembeni baadaye mkiwa wawili ndio atakueleza shida iko wapi. Saa ya kikao ithibitishe kwa maneno, "saa tatu asubuhi", maana simu inaandika 9:00 na kuna watu wamefika saa tisa mchana.

Ukienda ofisi ya serikali vaa kiheshima, kaptula, nguo fupi na kandambili zinakurudisha getini. Barua beba nakala mbili, moja unaacha masjala na ya pili unaomba igongwe muhuri wa kupokelewa yenye tarehe, hiyo ya pili itunze kama cheti. Ukirudi kufuatilia bila nakala yenye muhuri utaanza upya, ukirudi nayo mhudumu anafungua daftari na kuona faili limekwenda kwa nani.

Kula usihangaike, ugali wa mtama au uwele na mlenda utaupata, wengine unawachukua wiki mbili tatu kuuzoea, na msimu wa zabibu nenda soko la Majengo uonje kabla ya kununua.

Mwisho kuna michango. Haitapita muda utajikuta umewekwa kwenye grupu la WhatsApp la harusi ya mtu ambaye mmeonana mara moja, kuna kamati, kuna mweka hazina, na majina ya waliotoa yanapandishwa kila jioni. Wageni wengi wanatoka kimya kimya kwenye grupu, na hicho ndicho kinachoumiza watu, sio pesa. Ahidi kiasi unachokiweza hata kikiwa kidogo, lipa kabla ya siku, alafu kwa zinazofuata chagua za watu wa karibu na zingine mwambie mhusika mwenyewe kwa upole kwamba safari hii hujajaliwa. Msiba ni tofauti, usichague. Amefiwa mtu wa ofisini au jirani wa ukuta mmoja, nenda, hata kama hujui la kusema, mpe pole, kaa na wenzako kwenye viti vya nje angalau saa moja, rambirambi mpe anayeshika daftari na hakikisha ameandika jina lako pamoja na ofisi au mtaa unaokaa, kwa sababu wafiwa huwa wanalisoma lile daftari baadaye wajue nani wa kumshukuru.