Skeli za tarumbeta kwa jazi: ijue do yako kwanza

Wiki iliyopita nilikaa na kijana wa fanfari ya parokia moja hapa Katuba, Lubumbashi. Nyimbo za misa anazipiga safi. Mwambie "haya, ongeza ya kwako", anashusha tarumbeta. Nilimpitisha hivi.

Hatua ya 1. Imba skeli (gamu, kama tunavyosema hapa) ya do meja, yaani do re mi fa sol la si do, kisha ipulize polepole. Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani aliyepiga mjini humu mwaka 1960 ukiitwa bado Élisabethville, alikuwa mwimbaji pia, na ukimsikiliza utasikia. Mapigo hesabu kwa mguu. Metronomu ya simu siitaki: umeme ukikatika na betri nayo inakwisha, ila mguu hauhitaji chaja.

Hatua ya 2. Hii ilinila Jumamosi nzima. Nyumbani skeli zilikuwa tamu. Nikakutana na mpiga kinanda, yeye do, mimi do, tukawa kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Nikadhani midomo imechoka. Nikavuta ule mrija wa kurekebishia sauti, kumbe nazidi kushuka! Tarumbeta nyingi ni za si bemoli (noti ya si iliyoshushwa nusu toni): unapuliza do, inayosikika ni si bemoli ya kinanda. Basi toni yake, yaani noti anayoanzia skeli, wewe ipandishe hatua moja nzima (nusu toni mbili). Yeye si bemoli, wewe do. Yeye fa, wewe sol. Yeye do, wewe re, yenye fa diezi na do diezi (diezi ni noti iliyopandishwa nusu toni). Wapiga gitaa wanapenda mi, na hapo wewe unaangukia fa diezi yenye diezi sita, mwombe tu kama kaka mkubwa, "Yaya, tuchukue fa." Uliza pia kama gitaa lina kapo (kibanio cha nyuzi), au kinanda kimehamishwa toni kwa kitufe, maana hapo jina analokutajia silo linalosikika. Na tarumbeta za do zipo, ingawa chache. Kuhakikisha, puliza do bila kubonyeza pistoni, mwenzako aitafute kwenye kinanda.

Hatua ya 3. Mwenzako azungushe akodi (noti zinazolia pamoja) tatu: do maina saba, fa saba, si bemoli meja. Kwako ni re maina saba, sol saba, do. Zote zinatoka kwenye skeli ile ile ya do, kwa hiyo usitafute nyingine, na usiikimbize juu na chini. Kwenye akodi ya kwanza shika do. Ya pili ikiingia, ishushe hadi si. Halafu kwenye sol saba shika fa, ukifika do iangukie mi. Nusu toni tu, lakini sikio linasikia akodi imegeuka hata kinanda kikinyamaza. Noti nyingine zijaze katikati baadaye.

Hatua ya 4. Hamia fa, kisha sol. Skeli 12 kwa wiki moja ni za kujionyesha.

Kijana alikaa kwenye do na si siku tatu. Ya nne akatia re katikati, mwenyewe, na jirani akagonga ukuta kuuliza wimbo huu utaisha lini.