Tofauti ya "young", "youthful" na "juvenile"

Ninyi mnaoandika barua za maombi ya kazi kwa Kiingereza, iwe chuoni Iringa au kwenye steshenari za Mwanjelwa, chagueni kwa makini neno la kuelezea ujana wenu. "Young" hutaja umri halisi, hivyo kijana wa miaka 22 ni "young" na inatosha. "Youthful" hutaja sifa ya ujana, yaani nguvu, uchangamfu au sura, na kwa kawaida husemwa kwa heshima juu ya mtu ambaye umri wake umekwisha kusogea: mzee wa Tukuyu anayepanda milima bila kuhema, na ambaye uso wake haujakunjamana, huyo ndiye "youthful". Mnaweza pia kuandika "youthful energy", kwa kuwa hapo kinachosifiwa ni ari.

Neno linaloharibu barua nyingi ni "juvenile". Asili yake ni Kilatini, na mahali pake hasa ni kwenye sheria. Ndiyo maana Mahakama ya Watoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, huitwa kwa Kiingereza "Juvenile Court". Likitumiwa kueleza tabia ya mtu mzima, humaanisha utoto usiofaa, na kwa maoni yangu ni tusi kamili. Mwajiri akisoma "juvenile spirit", hataona ari yoyote.

Angalieni pia "a youth": katika magazeti ya Uingereza mara nyingi hutajwa hivyo mvulana anayeshukiwa kufanya vurugu, kwa hiyo jiiteni "a young person".