Sidai nauli, nadai tozo

Ndege iliniacha alfajiri moja kwa uzembe wangu mwenyewe. Tiketi ilikuwa ya shirika la bei nafuu, isiyo na marejesho, nikajisemea basi, hela imeliwa. Kumbe haikuliwa yote.

Fungua tiketi yako, shuka hadi kwenye mchanganuo wa bei. Jumla achana nayo. Tenga nauli, makato ya shirika lenyewe, na tozo za kiwanja na serikali. Hapa ndipo watu huchanganywa: alama YQ na YR ni makato ya shirika, hata zikipangwa pamoja na kodi. Kwenye tiketi ya kutoka Uingereza, GB ni kodi ya serikali kwa abiria wa anga, UB ni tozo ya kiwanja. Hizi mbili za mwisho kwa kawaida hulipwa kwa hesabu ya abiria walioondoka. Hukuondoka? Basi hela yako imebaki mikononi mwa shirika.

Unapoliandikia shirika, usitaje “kurejeshewa tiketi”. Mimi nilitaja, nikajibiwa siku hiyohiyo kwamba tiketi hairejeshwi. Nikaandika upya: namba ya tiketi, tarehe, sikupanda, naomba tozo za serikali na kiwanja, sidai nauli. Wiki tatu baadaye hela iliingia. Ila soma kwanza ada ya kushughulikia ombi, maana wengine wameipanga juu kiasi kwamba hutabaki na kitu.

Mistari hiyohiyo ya mchanganuo itakusaidia shirika likitishia kuhama kiwanja kidogo eti tozo ni kubwa. Weka tozo ya kiwanja kando ya ulicholipia begi na kiti, ucheke kidogo. Tena bei iliyotangazwa huenda siyo inayolipwa. Kwenye kiwanja cha Charleroi, Ubelgiji, shirika la bei nafuu la Ryanair lilipewa punguzo la ada za kutua. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya ikaamua kwamba sehemu ya msaada ule ni haramu, na 2008 mahakama ikaubatilisha uamuzi huo. Viwanja navyo si malaika, lakini vinavyotegemea shirika moja hujadiliana vikiwa vimepiga magoti.

Mwisho, kagua tovuti ya kiwanja kabla ya safari. Kiwanja cha Knock, Ayalandi, kwa miaka mingi wametoza abiria wa miaka 12 na zaidi euro 10 za maendeleo, nje ya tiketi. Hiyo usiitafute kwenye mchanganuo, hutaiona.