Shindano la vichekesho: msomaji awe mmoja

Ukiendesha shindano la uandishi wa kuchekesha kwenye kongamano la mashabiki wa hadithi za kisayansi, usiwaachie waandishi wasome kazi zao. Kusanya karatasi zisizo na majina, namba tu pembeni, umpe mtu mmoja azisome zote kwa uso mkavu. Mwandishi akisoma mwenyewe hucheka kabla hajafika kwenye utani, na marafiki zake humshangilia yeye badala ya sentensi yake.

Omba sentensi moja tu, ya kufungulia riwaya mbovu, kama lilivyofanya shindano lililoanzishwa Chuo Kikuu cha San Jose State, Marekani, mwaka 1982. Sentensi haizidi nusu dakika, kwa hiyo kazi 40 zinaisha ndani ya dakika 20 na ukumbi bado una nguvu ya kucheka.

Msomaji apewe karatasi saa nzima kabla. Akijikwaa kwenye jina la sayari kama Xq'thuul, utani umekufa hapo hapo.

Njia hii inashindwa pale utani unapokuwa wa macho, mfano barua ya roboti yenye herufi zilizopinduliwa. Hizo zibandike ukutani, watu wapige kura kwa stika.