Somo: Chupa mbili za tope, moja ya maji baridi, moja ya maji chumvi

Habari za jioni, wanakikundi. Leo ni zamu ya viumbe wadogo wa ardhioevu za milimani. Hapa Dar milima hatuna, ila tope tunalo, na viumbe hawa hujipanga kwa utaratibu uleule popote penye maji, mwanga na uozo. Kwa hiyo tutawafuga kwenye chupa mbili za tope, tuwatazame wakijipanga.

Tuanzie huko juu. Kaskazini mwa Chile, kiasi cha mita 3,800 juu ya usawa wa bahari, kuna bonde la chumvi liitwalo Salar de Huasco. Chemchemi za maji baridi zinatoka pembeni, na kadiri maji yanavyosambaa bondeni jua linayakausha, chumvi inazidi. Chini yake vijidudu wametanda tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyopangwa. Kwetu mfano wa karibu ni Ngorongoro, karibu mita 1,700: ndani ya kreta moja kuna Ziwa Magadi la chumvi na chemchemi ya Ngoitokitok ya maji baridi. Jina la Magadi ndilo lile la magadi tunayotia kwenye maharage.

Hatua ya 1. Tafuta chupa mbili za plastiki zinazoonyesha, za lita moja na nusu, ukate shingo. Tope la chumvi chukua pembezoni mwa mikoko au mabwawa ya chumvi ya Kunduchi, kwa ruhusa ya wenyewe, bila kukanyaga miche. La maji baridi chukua kwenye bwawa au shamba la mpunga. Mto unaopokea majitaka uache kabisa, kipindupindu si cha kuchezea. Kila tope libebe na maji yake.

Hatua ya 2. Changanya tope na gazeti lililochanwachanwa, kiini kimoja cha yai la kuchemsha, na maganda ya yai uliyoyatwanga kwenye kinu. Gazeti ni chakula, kiini kina salfa, maganda yana chokaa.

Hatua ya 3. Jaza hadi robo tatu, ukigonga chupa ili mapovu yatoke. Ongeza maji vidole viwili juu ya tope. Funika kwa nailoni na mpira, usikaze, gesi ipate pa kutokea.

Hatua ya 4. Weka karibu na dirisha, pasipopigwa na jua moja kwa moja. Andika tarehe. Sasa subiri, na hapa ndipo pana utamu wenyewe.

Waozeshaji wa gazeti humaliza oksijeni iliyo ndani ya tope. Baada yao wanashika zamu bakteria wanaopumua salfeti, yaani chumvichumvi zenye salfa, badala ya oksijeni, wakitoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza. Ikikutana na chuma kilichomo topeni, tope linakuwa jeusi. Ikipanda kwenye mwanga, bakteria wa kijani, na juu yao wa zambarau, huitumia kwa usanisinuru usiotoa oksijeni hata kidogo. Juu kabisa wanakaa sianobakteria, bakteria wanaofanya usanisinuru kama mimea, na hao ndio wanaotoa oksijeni. Kila mmoja anaishi kwa taka za mwenzake. Njia hii ya kuwafuga ilibuniwa miaka ya 1880 na Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv.

Kwa kawaida chupa ya chumvi ndiyo hutangulia kuwa nyeusi, kwa sababu maji ya bahari yana salfeti nyingi. Ya maji baridi hutoa zaidi mapovu ya gesi ya methani.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kuna bwawa la chumvi lenye maji ya rangi ya waridi. Nitumie hilo?
Marahaba. Rangi hiyo ni ya mwani Dunaliella na vijidudu wapenda chumvi. Ni wazuri kuwatazama, ila chumvi ya hapo ni kali mno na chupa itakwenda polepole. Chukua bwawa la kwanza, maji ya bahari yanapoingilia.

Nikiiweka juu ya bati, juani, si itakuwa kama milimani?
Hapana ndugu yangu, utawapika. Kule juu, kwenye mita 4,000, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 60 ya hii yetu, miale ya urujuanimno ni mikali, na bado usiku maji huganda. Vijidudu wa huko hujikinga kwa rangi za karotenoidi, mwavuli wao. Rangi za jamii hiyo hiyo ndizo zinazowapa heroe wekundu wao.

Wiki ya tatu sasa, yangu nyeusi tupu. Nimekosea wapi, kaka?
Huenda yai limezidi, au mwanga ni hafifu. Isogeze dirishani, usiikoroge. Zambarau mara nyingi huchukua wiki sita au nane.

Watoto wangu wanataka kushika tope. Ni salama?
Wavae glavu, mama, wanawe kwa sabuni, na chupa isifunguliwe chumbani. Wape kazi ya kupiga picha kila Jumapili, upande uleule wa chupa.