Somo: Kupima nguvu ya alumini pande zote baada ya kuipitisha kwenye kalibu yenye kona

Wakuu, metali ikikandamizwa sana inakuwa ngumu, hilo linajulikana. Ila haiwi ngumu sawasawa kila upande. Tutatumia njia iliyobuniwa na Vladimir Segal huko Minsk miaka ya 1970: kipande kinasukumwa kwenye mfereji wenye kona ya nyuzi 90, kinatoka na unene uleule.

1. Chukua kipande cha alumini safi chenye pande nne sawa, kilichokwisha kulainishwa kwa moto. Kikwaruze alama upande mmoja. Alama ikipotea kazi imeharibika, kwa sababu kikishatoka pande zote zinafanana.

2. Paka grisi ya molibdenamu, sukuma polepole. Pale kwenye kona matabaka ya metali yanateleza kama karata zinazosukumwa na kiganja, na punje (fuwele ndogondogo zinazounda metali) zinarefuka zikilala mshazari.

3. Kabla ya kurudia, amua utakizungusha vipi. Usipokizungusha, punje zinazidi kurefuka na tofauti ya pande inakua. Ukikizungusha nyuzi 90 kila mara, kwa mwelekeo uleule, baada ya mipito 4 punje huwa karibu duara, zenye upana wa mikroni 1 hivi (sehemu moja ya elfu ya milimita). Binafsi naanza na hii.

4. Kata sampuli za urefu, upana na kimo, uzivute kwa kasi moja. Kama upana hautoshi kuvuta, zibane zote tatu. Usilinganishe namba ya kuvuta na ya kubana.

MASWALI

Mkuu, kupima ugumu kwa kuchoma na ncha ya almasi hakutoshi?
Hakutoshi. Ncha inasukuma metali pande nyingi kwa pamoja, tofauti inafichika.

Punje zikishakuwa duara, si tofauti imekwisha?
Hapana. Umbo la punje ni kitu kimoja, fuwele za ndani zimeelekea wapi ni kingine.

Mimi nimepitisha magnesi ya AZ31 (iliyochanganywa na alumini na zinki kidogo) ikiwa ya moto. Punje zimekuwa ndogo, lakini nikiivuta kwa urefu inalegea mapema kuliko fimbo niliyoanza nayo. Nimekosea joto?
Si lazima. Fuwele za magnesi zina pande sita, na kwa urahisi zinateleza kwenye bapa moja tu, yaani tabaka moja la atomi juu ya jingine. Kwenye fimbo ya kiwandani bapa hilo limelala sambamba na urefu, hivyo ukivuta halitelezi. Kona ya kalibu inaliinamisha hadi karibu nyuzi 45, mlalo ambao ni rahisi kuliko yote kuteleza. Kata sampuli ya upana uipime kwanza, tanuru utaliangalia baadaye.