Ukiletewa kadi ya zawadi usiyoiomba, ihakiki hivi kabla hujaikwangua

Mzee aliingia kibandani na "Mbukwenyi" yake, salamu ya Kigogo, akanikabidhi kitochi kwa mikono miwili. "Mwanangu, nisaidie kubonyeza, macho yangu hayaoni vizuri. Kijana yuko hewani anasubiri."

Mimi ni wakala wa fedha za simu na nina steshenari ndogo Nzuguni, Dodoma, si mbali na stendi kuu ya Nanenane. Mzee huyu analima zabibu Hombolo, na wiki hiyo mnunuzi alikuwa amemlipa kwa simu. Ujumbe aliopata ulisema kwamba kwa uaminifu wake kwa mtandao amepewa kadi ya zawadi ya Tsh 300,000, apige namba fulani aihuishe kabla ya saa kumi jioni. Akapiga. Kijana akamwita baba, akamuuliza kwa upole ana salio kiasi gani "ili zawadi isigongane na hela yako." Mzee akamwambia: laki moja na tisini na kidogo.

Niliposhika simu, kijana alikuwa ameshamfikisha mbali. Alikuwa amemwongoza kwenye menyu ya kutuma pesa, akamwandikisha namba ya mpokeaji na kuiita "namba ya ofisi". Sasa akawa anasema, "Baba, hapo andika namba ya kadi yako: moja, nane, saba, tano, sifuri, sifuri." Nikatazama kioo. Kilikuwa kimeandikwa "Weka kiasi". Namba ya kadi ilikuwa Tsh 187,500, hela ya mzee yote ukiacha makato. Kilichobaki ni namba ya siri. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikamvutia mzee kiti.

Jambo la kwanza ninalomwambia kila mteja, na ukisahau mengine yote shika hili: kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji namba ya siri. Pesa huingia yenyewe, ujumbe unakuja, salio linaongezeka. Namba ya siri unaiweka pale pesa inapotoka, iwe unatuma, unalipa au unatoa kwa wakala. Kwa hiyo zawadi yoyote inayofika mahali pa kukuomba namba ya siri, hapo wewe ndiye unayetoa. Na kabla hujaiweka, menyu hukuonyesha jina la mpokeaji na kiasi. Usome mstari huo polepole. Kama huoni vizuri, mpe mtu unayemjua akusomee, na yule wa hewani umkatie kwanza. Atakukataza usikate, atasema zawadi itafutika. Kata.

Mzee alipokwenda nilikaa nikifikiria kadi yangu mwenyewe, kwa sababu mwezi mmoja kabla yake mimi nami nililetewa. Ilikuja kwa bodaboda, bahasha nzito, jina langu limechapwa bila kosa, nembo ya kampuni inayoniuzia intaneti ya steshenari. Ndani kadi inayong'aa ya Tsh 20,000, yenye sehemu ya rangi ya fedha ya kukwangua. Ukiweka bahasha ile na ujumbe wa mzee mezani, utasema yangu ni ya kweli na ule ni utapeli, na ungepatia. Lakini ungekuwa umebahatisha. Bahasha nzuri yeyote anaichapisha. Mimi mwenyewe nina mashine ya kuichapisha hapa dukani. Jina na mtaa wako umeviandika kwenye madaftari mangapi ya wageni na fomu ngapi za maofisini? Sura ya kadi haikuambii kitu.

Nilichofanya ndicho ninachokushauri. Sikupiga namba iliyoandikwa kwenye kadi wala kufungua kiungo chake. Nilitoa kwenye faili risiti ya kwanza niliyopewa nilipounganishiwa intaneti, nikapiga namba ya pale. Ukiihakiki kadi kwa namba iliyokuja nayo, umemuuliza mwizi kama yeye ni mwizi. Kwa laini ya simu ni rahisi zaidi: kampuni za simu hapa kwetu Tanzania humpigia mteja kwa namba 100, na wewe unazipata kwa hiyo hiyo 100. Utasubiri, muziki utalia mpaka uchoke, lakini subiri.

Dada wa huduma kwa wateja aliniambia kadi ni yao kweli. Hapo wengi hukata simu na kufurahi. Mimi niliuliza swali moja zaidi: nikishaitumia, nini kinafuata? Akaguna, akaenda kuuliza, akarudi. Kumbe nikiingiza zile tarakimu nahamishiwa kifurushi cha juu, na kuanzia mwezi wa pili ninalipa Tsh 25,000 zaidi kila mwezi mpaka nitakapoandika kujitoa. Kadi haikuwa imesema hivyo popote, hata kwa herufi ndogo. Sikuikwangua. Iliniuma, kwa sababu ninawalipa kila mwezi bila kuchelewa, na zawadi ya kweli inayoficha masharti inamfundisha mteja kutomwamini mtu yeyote. Wewe uliza, na ukiweza waombe jibu kwa maandishi.

Kama kuna kiungo, jifunze kusoma anwani. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma alinionyesha iliyoanza na jina la kampuni, ikafuata .co.tz, moyo wake ukatulia. Lakini haikuishia hapo: ilikuwa na nukta nyingine, neno nisilolijua, kisha .xyz. Mwenye tovuti ni yule anayetajwa mwishoni, kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata baada ya https://. Yaliyotangulia anaweza kuyaandika apendavyo. Ukurasa wenyewe ulitaka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na namba ya siri ili "kuhuisha kadi". Kampuni iliyokusajili laini kwa alama za vidole tayari ina namba yako ya NIDA. Haina haja ya kukuomba tena ili ikupe zawadi.

Sisi wa steshenari tunaogopa pia flashi. Mwaka 2020 huko Marekani, FBI ilitoa onyo kuhusu barua zilizotumwa kwenye makampuni kwa posta, zikijifanya zimetoka kwa maduka ya Best Buy. Ndani kulikuwa na kadi ya zawadi ya dola 50 na flashi, eti humo ndimo ilimo orodha ya bidhaa unazoweza kununua. Flashi ile ikichomekwa, kompyuta iliiona kama kibodi, nayo ikaanza kujiandikia amri na kuvuta programu za wizi. Kwa hiyo kitu chochote cha kuchomeka kilichokuja na zawadi usikiingize kwenye kompyuta yako, wala usiniletee mimi nikijaribu kwenye yangu.

Kuna aina nyingine inayowapata zaidi vijana: mtu anakutaka ununue kadi ya Google Play au ya Apple, umsomee tarakimu zake, kisha atakupa kazi au zawadi kubwa zaidi. Fikiria vocha ya muda wa maongezi. Ukishaikwangua na kumsomea mtu, amekwisha kuiingiza, na hakuna wa kukurudishia.

Na kama umeshatuma? Usione haya, na usisubiri kesho. Piga 100 dakika hiyo hiyo ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi. Kama aliyepokea hajaitoa hela, inaweza kuzuiliwa, na ndiyo maana kila dakika ina thamani. Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe kabla hujapiga. Halafu nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, hata kama hela ni kidogo. Ujumbe wa utapeli usiufute. Utume kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, nawe utaulizwa namba ya aliyekutumia. Pia piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nimewahi kumwona mama wa hapa hapa Nzuguni akikuta mbili asizozijua.

Mzee alirudi wiki iliyofuata kutoa hela ya dawa ya mizabibu. Safari hii alikuja na mke wake na kitochi cha mke wake, nacho kina ujumbe kama ule ule, umetoka kwa namba nyingine. Tukautuma 15040 pale pale, mzee akisoma tarakimu moja moja kwa sauti, bibi akibonyeza. Namba zote tatu nimeziandika kwa maka peni kwenye karatasi ya manila juu ya droo: 100, 15040, *106#. Wenye simu kubwa wanaipiga picha. Wenye vitochi ninawaandikia nyuma ya risiti.